Zamu ya Kiti

Majini wa watu wengine huja usiku wa manane, wakikwaruza mabati na kulia kama paka. Hao ni majini wa rejareja. Huyu wa hapa alikuja saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, jua likiwaka kama limetukanwa, na hodi hakupiga, kwa sababu alikuwa ameshakaribishwa zamani.

Seremala alikuwa amezima msumeno na kufagia maranda. Akavuta kiti kilichokuwa karibu ili avue viatu. Akakaa. Akaruka kama aliyekalia siafu.

"Nini tena?" mkewe akamwuliza kutoka mlangoni, kikapu mkononi.

"Hiki kiti kina joto."

"Si umekikalia?"

"Ndiyo kwanza nakaa."

"Basi joto ni lako, mume wangu. Uzee huo, unaanzia chini."

Mke akacheka peke yake. Seremala aliweka kiganja kwenye ubao wa kiti. Ulikuwa na joto la mtu aliyekaa hapo muda mrefu akanyanyuka sasa hivi tu. Na kulikuwa na harufu. Karakana ile miaka yote ilinuka gundi, vanishi na mbao mbichi. Siku hiyo ilinuka manyoya ya ng'ombe aliyenyeshewa.

Kuelewa kwa nini jasho lilimtoka, inabidi kurudi nyuma Jumamosi moja, kisha miaka ishirini na miwili.

Jumamosi iliyotangulia, rafiki yake muuza nyama alikuja kuchukua gogo lake la kukatia, lililokuwa limepasuka na sasa limevishwa pete ya chuma. Walipokuwa wakisogeza mbao za kwenye rafu ya juu, sanduku la karatasi ngumu likamdondokea muuza nyama utosini. Alitukana kwanza, akatazama baadaye.

"Ala! Wagiriki wetu hawa!"

Ujanani walikuwa na mchezo wao wa mezani. Si bao, si karata, si drafti. Ulikuwa mchezo wa kujifanya. Kila mchezaji alikuwa na karatasi ya shujaa wake wa Ugiriki ya kale, imeandikwa nguvu zake, silaha zake na majeraha yake. Mmoja, aliyeitwa Mwamuzi, alisimulia safari, miungu yenye wivu na mazimwi ya njiani, na dadu ya pande ishirini ikaamua nani anapiga na nani anapigwa. Kitabu cha kanuni kilikuwa cha lugha ya kigeni. Nusu walikielewa, nusu wakaitunga, na hiyo ya kutunga ndiyo iliyokuwa tamu. Muuza nyama alikuwa Mkuki, shujaa asiyeshindwa, mwenye dadu yake nyekundu ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Msichana wa duka la vitambaa la jirani alikuwa Kinubi, mwimbaji wa kulaza mazimwi. Seremala ndiye Mwamuzi. Majina hayo yaliwaganda kama gundi ya mbao, hata baada ya Kinubi kuwa mke wa Mwamuzi.

Tatizo lilikuwa moja: nani acheze zimwi? Mkuki alilalamika kwamba Mwamuzi hawezi kuwa hakimu na mshtaki kwa wakati mmoja. Wakakubaliana basi kwamba zimwi lipewe kiti chake, kitupu. Zamu yake ikifika, dadu inarushwa mbele ya kiti, na wote watatu wanasema kwa adabu, "Karibu, Bwana Kiti, zamu yako." Walifanya hivyo kila Jumamosi, saa tisa, kwa miaka miwili. Mpaka kikombe walimwekea.

"Tulikuwa wajinga sisi!" Kinubi alisema siku hiyo sanduku lilipofunguliwa, akipangusa karatasi kwa ncha ya kanga na kutabasamu kama aliyekutana na sura yake ya usichana. Ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Mwamuzi: *Kinubi amefungwa minyororo kwenye nguzo, ndani ya nyumba ya vichochoro visivyo na mwisho. Mtu mwenye kichwa cha fahali yuko mbele yake. Zamu ya Kiti.*

"Hapa Kiti kilipata mbili," Mkuki akakumbuka. "Mbili! Zimwi zima likapiga hewa. Mimi kwenye maisha yangu sijawahi kushuka chini ya kumi na tano."

"Bahati ya muuza nyama," Kinubi akasema. "Mimi nikapona, mchezo ukaishia hapo, maana huyu bwana alianza kuniletea stuli za bure dukani."

Seremala alijikuna kidole gumba.

Mkuki, kwa mzaha tu, akavuta kiti kimoja mezani, akaokota dadu nyeupe ya zamani, akainama kama mhudumu wa hoteli. "Karibu, Bwana Kiti, zamu yako!" Akarusha. Dadu ikadunda mezani, ikavuka ukingo, ikaenda chini, na hakuna aliyeisikia ikitua. Waliitafuta kwa tochi mpaka wakachoka.

Haya, turudi kwenye kiti chenye joto.

Kiganja cha Seremala kilikuwa bado juu ya ubao aliposikia kikapu kikianguka.

"Mwamuzi," mkewe akanong'ona. "Nani kanishika?"

Alikuwa amenyoosha mikono mbele. Kwenye vifundo vyote viwili ngozi ilikuwa ikibonyea yenyewe, pete moja, pete ya pili, pete ya tatu, kama minyororo isiyoonekana inakazwa na mtu asiye na haraka. Ilikuwa nyekundu, ikageuka zambarau, kisha damu ikaanza kuchuruzika. Seremala alivuta, hakuna cha kuvuta. Ilipogonga saa kumi kamili, pete zikaachia. Kinubi akaanguka juu ya maranda, na kile kiti kikalia *kwee*, kama kiti kinavyolia mtu mzito akinyanyuka.

Jumatatu walilichoma sanduku. Jumanne asubuhi lilikuwa kwenye rafu, limekauka vizuri kuliko mwanzo. Jumatano Seremala alikipasua kiti kwa shoka, vipande kumi na viwili alivyovihesabu mwenyewe. Alhamisi kiti kilikuwa mahali pake, na viungo vimekazwa kwa ufundi ambao, kusema kweli, hata yeye hakuwa nao.

Ndipo akaitwa shangazi yake Kinubi, fundi cherehani, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na jicho la kuona visivyoonekana. Alifika Jumamosi saa nane na nusu, akasikiliza habari yote huku akitafuna uzi.

"Kwa hiyo mlimpa kiti."

"Kilikuwa kitupu, Shangazi," Seremala akasema.

"Hakuna kiti kitupu, mwanangu. Kuna kiti ambacho mwenyewe hajafika. Jini mpita njia aliona kiti na kikombe chenu, akasikia karibu, akaketi. Mkampa na sura ya kuvaa, kichwa cha ng'ombe na pembe! Miaka miwili kacheza nanyi kwa adabu."

"Basi mfukuze!" Mkuki akasema. Alikuwa amekuja na panga lake la kukatia mifupa, ameliegemeza begani.

"Jini hafukuzwi kama kuku. Jini husikilizwa kesi yake. Hebu niambieni, nani alimdhulumu?"

Wanaume wawili wakatazama chini, kila mmoja upande wake.

"Mimi nilikuwa na bahati tu," Mkuki akasema, ingawa hakuna aliyemtaja.

Saa ya ukutani ikagonga mara tisa, kwa Kiswahili safi.

Kiti kikajiburura taratibu mpaka mezani. Harufu ikaingia, manyoya mabichi na pembe iliyoungua, nzito mpaka Shangazi akajifunika pua kwa futi yake. Kitu kikapumua. Kisha Kinubi akanyakuliwa kwa vifundo vya mikono, akaburutwa mgongo mgongo juu ya maranda na misumari, akabamizwa kwenye nguzo ya katikati kwa kishindo kilichoangusha randa na patasi zote ukutani, akaning'inia hapo, vidole vya miguu vikitafuta sakafu.

"Shemeji!" Mkuki akanguruma, akakirukia kile kiti, akashusha panga kwa nguvu zote za mkono uliopasua ng'ombe kwa miaka ishirini. Panga likagota hewani, likavunjika kama biskuti, na yeye akatupwa ukutani uso ukitangulia. Aliponyanyuka alitema meno mawili kiganjani, akayatazama kama mtu anayetafuta mwenyewe.

"Semeni!" Shangazi akapiga kelele. "Nani alimdhulumu? Anamrudia huyu kwa sababu huyu ndiye windo alilonyimwa!"

Shimo likajitoboa mezani, ukubwa wa pembe, vibanzi vikaruka. Likafuata la pili, karibu zaidi na nguzo, na la tatu likatoboka kwenye nguzo yenyewe, upana wa kiganja kimoja kutoka kwenye shingo ya Kinubi.

"Mimi!" Seremala akalia. "Ni mimi! Haikuwa mbili! Kiti kilipata kumi na tisa. Kilikuwa kimemuua. Nikaigeuza dadu kwa kidole gumba kabla hamjaiona!"

Mashimo yakakoma. Kutoka kwenye nguzo sauti ya Kinubi ikatoka:

"Uliniambia... ulinipenda baadaye. Kwenye harusi ya dada yako."

"Niliona haya, mke wangu!"

"Miaka ishirini... na miwili... mwanamume mwongo wewe..." Damu ikamtoka puani, ikamkatiza.

"Kanuni inasemaje?" Shangazi akauliza haraka. "Mlikuwa na kanuni. Yeye anaziheshimu kuliko nyinyi."

"Kuna ngao. Shujaa mmoja anaweza kupokea pigo la mwenzake. Lakini mimi si shujaa, mimi Mwamuzi, sina karatasi."

"Seremala mzima unakosa karatasi?"

Akapiga magoti kwenye sanduku, akapata karatasi moja tupu, akachomoa penseli ya kazi sikioni, na kwa herufi zilizopanda milima na kushuka mabonde akaandika MWAMUZI, nguvu moja, silaha hana, ngao ya Kinubi, akaitandaza juu ya meza iliyotobolewa, akaweka kiganja cha kulia juu yake, akafumba macho, na kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu walipofunga ndoa akasema, "Karibu, Bwana Kiti. Ilikuwa kumi na tisa. Zamu yako."

Juu ya paa kitu kikabingirika. Dadu nyeupe iliyopotea ikadondoka kutoka hewani, ikazunguka mezani, ikazunguka, ikatulia. Kumi na tisa.

Pigo halikuonekana. Mlio wake ulisikika, mfupi, kama tawi bichi linalokatwa kwa pigo moja. Seremala alipofumbua macho vidole vinne vilikuwa bado mkononi, na gumba lilikuwa limekatika, limegongomelewa kwenye ubao, limesimama ndani ya tundu jipya la pembe. Yowe lake lilifika sokoni.

Kinubi akaporomoka kutoka kwenye nguzo. Harufu ikatoka kama moshi unavyotoka mlango ukifunguliwa, na kiti kikalia *kwee*, mara moja.

"Ameridhika," Shangazi akasema, akimfunga Seremala mkono kwa futi yake ya kupimia, akikaza mpaka damu ikapungua kabla ya kumkimbiza zahanati. Kisha akamtupia jicho Mkuki. "Ameridhika na huyu."

Mkuki alijifanya anatafuta jino la tatu.

Jumamosi iliyofuata, Seremala alikuwa kitandani, bandeji kubwa kama ngumi ya bondia, Kinubi akimlisha uji na kumsimanga kijiko kwa kijiko. "Kumi na tisa. Na stuli za bure. Mwongo mkubwa." Kila kijiko kilikuwa na sukari ya kutosha.

Simu ikalia. Saa tisa na dakika moja. Kinubi akamshikia sikioni.

"Mwamuzi." Ni Mkuki, ananong'ona, hewa ikipita kwenye mapengo ya meno. "Niko buchani. Nimenusa ng'ombe tangu asubuhi, lakini bucha ni bucha, ningejuaje?"

"Ongea taratibu."

"Nimekaa kwenye stuli yangu. Ina moto. Na juu ya gogo... ile dadu yangu nyekundu, Mwamuzi. Imepasuliwa katikati. Ile chembe ya risasi niliyoitia ndani ili iangukie namba kubwa inaonekana."

"Uliitia risasi?"

"Nilikuwa kijana!" Nyuma ya sauti yake kwato zilipiga sakafu ya vigae, mara moja, mara mbili, bila haraka. "Kila Jumamosi, ndugu yangu. Miaka miwili. Unajua ni mapigo mangapi hayo? Nambie, ile kanuni ya ngao... mtu anaruhusiwa kupokea ya rafiki yake?"

Kinubi alikuwa amesikia kila neno. Kijiko kilibaki hewani.

Seremala akautazama mkono wa kushoto, kisha ule wenye bandeji, akaanza kuhesabu vidole vilivyobaki.