Askari Ndani ya Uvimbe

Hirsi hakosi mnada wa mbuzi mjini Kitui, hata mvua inyeshe vipi. Lakini asubuhi hiyo mkewe, Abshiro, alimkuta bado kitandani, amegeukia ukuta.

"Baba Ridwan, mbuzi watajiuza wenyewe?"

"Wauze wewe. Mimi nimekwisha."

Abshiro aliweka chini sufuria ya chai. Wiki tatu zilizopita, madaktari walimtoa Hirsi uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Jana yake, binti yao Yurub aliwasomea majibu ya maabara: ndani ya uvimbe mlikuwa mmejaa seli nyeupe.

"Ulisikia mwenyewe," Hirsi alisema. "Zimejaa! Kliniki ya kesho siendi. Niende kufanya nini?"

Abshiro alivuka barabara, akamleta jirani yao Nduku, ambaye ni muuguzi.

Nduku alisoma karatasi mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Unamcheka mgonjwa?" Abshiro aliuliza kwa ukali.

"Ninacheka kwa furaha, Mama Ridwan. Mzee Hirsi, unajua seli ni nini?"

"Naijua sana. Nililala seli siku mbili kwa kukosa kibali cha kuuza mbuzi."

"Si hiyo! Seli ni chembe ndogo sana zinazojenga mwili. Hizi nyeupe ni kinga yako. Ni askari wa mwili."

"Askari?" Hirsi aliketi. "Hao ndio walionifunga!"

Abshiro alicheka mpaka akashika mlango.

"Hawa hawana shida na mbuzi wako," Nduku alisema. "Wanapigana na saratani. Saratani ya utumbo ikikutwa na askari wengi ndani yake, mara nyingi mgonjwa huendelea vizuri. Wakiwa wachache, daktari huwa na wasiwasi zaidi kwamba ugonjwa utarudi."

"Kwa hivyo nimepona?"

"Sijasema hivyo. Ni dalili njema, si ahadi. Daktari ataangalia pia uvimbe ulikuwa umefika wapi, na kama unahitaji dawa. Ukikosa kliniki, umewaacha askari wako peke yao."

Hirsi alishuka kitandani. "Abshiro, kanzu yangu iko wapi?"

"Kliniki ni kesho, wewe!"

"Walahi najua. Nataka kuipiga pasi leo."

Alienda kliniki hiyo, na nyingine zote. Alimaliza dawa alizopewa, akapimwa kila alipoitwa. Mwaka wa pili, daktari alisema haoni alama yoyote ya saratani. Abshiro alipika pilau, majirani wakajaa uani.

Hirsi aliwaambia wageni bila haya: "Niliona damu kwenye choo miezi minne, nikasema ni pilipili. Msiwe wajinga kama mimi."

Kiilu, mwenye bucha, aliacha kutafuna. "Mimi naiona tangu mwezi jana," alisema kwa sauti ndogo.

Abshiro alimpokonya sahani mkononi.

"Pengine si saratani," alisema. "Lakini wewe si daktari, na mimi pia si daktari. Pilau nitakuwekea. Inuka!"

Nduku alikuwa tayari anavaa viatu ampeleke hospitali.