Binti wa Kwenye Usukani

Kiti cha nyuma kilikuwa na joto. Adolphe alikigusa kwa kiganja, akakigusa tena, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Claude, dalali wa magari ya mitumba pale Bunia, alikuwa ameapa kwamba jeep ile ilifungwa tangu jana. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mawingu. Lakini joto lilikuwapo, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, pamoja na harufu ya pomadi ya kizamani iliyochanganyika na udongo mbichi.

"Huku nyuma kulikaa nani?" akauliza.

"Muzee, nani atakaa? Ufunguo iko mu mufuko yangu."

Adolphe akaufunga mlango. Alikuwa amechoka. Tangu daktari amwambie kwamba ukungu uliofunika macho yake haumruhusu tena kuendesha, biashara yake ya maharage ilikuwa imelala. Binti yake Gracieuse, aliyetoka kupata diploma ya sekondari na leseni, ndiye angekuwa macho yake barabarani. Hili lingekuwa gari la kwanza la binti huyo. Lakini kulichagua kulikuwa vita. Kila jeep aliyoisifu baba, binti aliikataa: hii inakunywa mafuta, ile chasi yake imechomelewa. Na kila aliyoitaka binti, baba aliiona ni gari la kwendea harusini.

"Papa, hii hapana," Gracieuse akasema. "Siipende. Inanuka vibaya."

"Sikiliza moteur, injini inavyolia muzuri!"

"Moteur nimeisikia. Nimesema siipende."

"Weye unapendaka nini? Tangu tuanze kutafuta, ni hapana, hapana tu!"

Akainunua kwa hasira zaidi kuliko kwa akili.

Jumapili, baada ya misa, jeep ikiwa imesimama uani, Adolphe aliingia akaketi upande wa abiria ili aizoee. Mlango wa dereva ukafunguka, ukafungwa. Mtu akaketi. Macho ya Adolphe yaliona umbo tu, kama nguo iliyoanikwa nyuma ya moshi.

"Kesho tutaanza na njia ya Bogoro," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Na usikimbize gari."

"Hapana, papa. Namna weye unapenda."

Moyo wake ukalainika. Ni lini mara ya mwisho mtoto huyu alimjibu hivyo? Akajikuta anasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba anaogopa giza linalomjia, kwamba tangu mama yake Gracieuse afariki hana wa kumweleza. Yule akasikiliza bila kumkatiza. Kisha mkono ukatua juu ya goti lake, mkono wa baridi, kama uliotoka kuosha nguo mtoni.

"Usiogope, papa. Miye nitakupeleka."

Mlango wa jikoni ukagonga ukuta. Sauti ya Gracieuse ikatoka kule, ng'ambo ya ua, imejaa moshi wa makaa: "Papa! Chakula inapoa! Uko unasema na nani humo?"

Mkono ulikuwa bado juu ya goti lake.

Alitoka akijikwaa, akaanguka kifudifudi uani. Gracieuse alipofika mbio, kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Kesho yake wakarudi kwa Claude. Huyo akacheka mpaka akakohoa. Gari iliyouzwa hairudi, alisema. Na muzee, kwa macho yale, anaweza hata kumusalimia mbuzi akidhani ni pasta. Adolphe alirudi nyumbani na ghadhabu. Aliyeona hakuamini, na aliyeamini hakuona! Gracieuse ndiye aliyemwita Mama Kavira wa chumba cha maombi. Mama huyo akaizunguka jeep akiomba, akapaka mafuta usukani na viti, sauti ikamkauka. Siku zilizofuata jeep ilikaa kimya, haina joto, haina harufu.

"Imekwisha," Adolphe akasema.

"Haijaisha. Tuiache."

"Maharage inaoza kule Bogoro na weye unasema tuiache! Gracieuse, utanikubalia lini hata neno moja?"

Wakaenda. Kwenda kulikuwa kwema, ingawa Gracieuse alikuwa na mafua. Wakati wa kurudi, magunia yamejaa nyuma, mvua kubwa ikawashika kwenye mteremko, saa za mchana, na ukungu ukashuka. Mbele kulikuwa na dimbwi pana. Gracieuse alizima moteur, akachomoa ufunguo, akashuka kwenda kupima kina kwa fimbo.

Mlango ukafungwa. Na ndani ya gari ikaja ile harufu ya pomadi na udongo.

"Papa, tuendelee," sauti ya Gracieuse ikasema kando yake, taratibu.

Moteur ikawaka.

"Maji ni mengi?" akauliza.

"Namna weye unasema, papa."

Jeep ikaanza kuteremka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, magunia yakigonga nyuma, na nje ya kioo sauti nyingine ya Gracieuse ilikuwa inapiga yowe, inakimbia, inapiga bati la mlango kwa ngumi, ikimwambia ashuke, na ile ya ndani ikimwambia kwa upole akae, amechoka, amepigana vya kutosha, huko wanakokwenda hahitaji macho, na zote mbili zilikuwa sauti ya mtoto wake aliyemlea, hata mkwaruzo wa mafua ulikuwa uleule, naye hakuwa na jicho la kumwonyesha ipi ni ya mtu.

"Shuka!" ya nje ikalia. "Weye hausikiaka kitu! Kichwa nguvu! Papa, nakukatalia!"

Mtoto wake ni yule anayekataa. Adolphe akavuta kitasa, akajirusha.

Alipotua kwenye tope, Gracieuse alimwangukia juu, akimtukana na kulia. Ufunguo ulikuwa ngumini mwake, umemkata kiganja. Jeep iliingia dimbwini, ikasimama, na mlango wa abiria ukajifunga wenyewe.

Hawakuifuata tena. Claude aliposikia imetelekezwa, alituma fundi akaivuta, akajichukulia. Adolphe alikwenda kumwonya. Claude akacheka vilevile.

Majuma kadhaa baadaye Nadège, mke wa Claude, alikuja kwa Adolphe akilia. Bwana wake haingii tena nyumbani. Hali chakula. Halali kitandani. Anakaa ndani ya jeep kutwa kucha, na tangu wamzike mama yake mwaka jana, Nadège hajawahi kumwona na furaha kama ile.

Gracieuse alimshika baba yake mkono, wakaenda. Jeep ilikuwa imeegeshwa kwenye jua kali. Kabla hawajaifikia, Adolphe alisikia Claude akicheka, na mwanamke mzee akimjibu kwa upole.

"Claude," akaita. "Shuka, mutoto yangu."

Kioo kikateremka kidogo. Baridi ikatoka.

"Muzee, sema pole pole," Claude akanong'ona. "Mama ameanza kusinzia."