Mkimbiaji wa Mongina

Siku ya usajili, ua wa chuo kile cha Kericho ulifurika watu kama soko la Litein. Wazazi walishika bahasha, wauza mandazi walipenya katikati ya foleni, na spika iliyofungwa juu ya pikapu ilitangaza kozi moja baada ya nyingine kwa sauti ya kukwaruza. Aron alikuwa amesimama muda mrefu sana kwenye foleni yake kabla ya kugundua kwamba haikuwa yake. Yeye alitaka meza ya masomo ya ufundi. Hii ilikuwa ya sayansi ya mazoezi.

Aligeuka aondoke. Msichana mmoja akamshika mkono.

"Wewe! Usiende. Unakimbia?"

Aron aliangalia nyuma yake kwanza. "Mimi?"

"Nani mwingine? Mwembamba hivi, miguu imeenda mpaka mbinguni, viatu vya mbio. Unatoka wapi?"

"Litein side."

"Si nilijua! Unakimbia mita ngapi?"

Msichana mwenyewe alikuwa amevaa tracksuit ya rangi ya damu ya mzee iliyomkaa vizuri kiunoni, raba nyeupe pee, na filimbi shingoni. Nywele alikuwa amezisuka akazifunga juu kwa kitambaa cha manjano. Aron alimtazama, akasahau alichokuja kutafuta.

Ukweli ni kwamba Aron alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Viatu vile vya kijani alivinunua mtumba kwa sababu soli zake hazitelezi kwenye sakafu yenye mafuta. Kukimbia aliacha tangu shule ya msingi, ambako alikuwa akimaliza wa mwisho kisha analala kwenye nyasi huku dunia inazunguka. Lakini mkono wa msichana ulikuwa bado umemshika.

"Elfu kumi," akasema.

Basi, ndiyo hivyo. Maneno mawili tu. Msimlaumu bado, maana hamkuuona ule mkono.

Jina lake lilikuwa Mongina, mwaka wa tatu, binti wa Mzee Mochama aliyekuwa msimamizi wa wachumaji katika shamba moja la chai nje ya Kericho. Alikuwa akifanya utafiti wa mapigo ya moyo wa wakimbiaji wakiwa wamepumzika. Wamepumzika! Aron alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Hakuna mtu angemwambia akimbie. Kazi yake ilikuwa kulala kwenye mkeka na kushikwa mkono na msichana mrembo, na hiyo aliiweza.

Siku ya kipimo, Mongina aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa Aron, macho kwenye saa. Akahesabu. Akakunja uso, akahesabu tena. Kisha akapiga yowe.

"Arobaini! Aron, arobaini kwa dakika!"

"Ni mbaya?"

"Mbaya nini? Mtu wa kawaida anapiga sabini huko! Hii ni moyo ya bingwa!" Akamkumbatia palepale kwenye mkeka. Aron hakuwahi kupongezwa hivyo kwa kulala.

Mapenzi yao yaliwaka haraka. Jumapili baada ya kanisa walikutana hotelini mjini, wakanywa chai ya maziwa na kubishana nani alipenda kwanza. Siku za kazi walipigiana simu.

"Mkimbiaji wangu, umeamka?"

"Niko macho, dear. Nilikuwa nangoja uniamshe."

"Muongo wewe! Umekimbia leo?"

"Kocha amesema nipumzike."

"Huyo kocha anakupenda kuliko mimi."

"Hakuna mtu ananipenda kuliko wewe."

Mongina alicheka mpaka wenzake wa bweni wakamtupia mto. Na jioni alipomsindikiza Mongina kwenye kilima cha kuelekea bwenini, Aron alisimama kila mara akashika ua wa michongoma, jasho jembamba likimtoka usoni.

"Umechoka, bingwa?"

"Sijachoka. Sitaki tu tufike haraka. Tukifika utaniacha."

Ni msichana gani aambiwe maneno hayo asiyeyuke? Mongina aliyeyuka. Wala hakuuliza tena.

Chuo kikatangaza mbio za barabarani, na Mongina akaamua kumwandikisha Aron bila kumwambia, iwe zawadi. Jumamosi akaenda Litein kumtafuta kocha wake. Aliwakuta vijana wa mazoezi wakinyoosha misuli kando ya barabara, akawauliza.

"Aron gani?" mmoja akasema. "Yule fundi wa kiwanda?"

"Hapana, huyu ni wa elfu kumi."

"Mwembamba, ana viatu green?" Kijana akaanza kucheka. "Madam, huyo hata bus ikimwacha hawezi kimbilia! Anangoja ingine."

Wote wakaangua kicheko. Mongina alisimama pale juani. Alitaka waseme ni mzaha, na hakuna aliyesema.

Alipofika kwenye geti la kiwanda, harufu ya majani yanayokaushwa ilikuwa nzito hewani. Aron alitoka akiwa na ovaroli ya bluu iliyolowa grisi mpaka magotini. Alipomwona, tabasamu lilimjia, halafu likafa.

"Mongina? Unafanya nini hapa?"

"Wewe ndiyo unafanya nini hapa?"

Aron alijipangusa mikono, ingawa haikuwa inatakata. "Nafanya kazi. Nashughulikia mashine za kunyausha majani, mafeni yake na mota."

"Na kule chuo?"

"Nasoma degree ya ufundi. Ile mtu anajipangia masomo mwenyewe. Nachukua umeme, kuchomelea, na usimamizi wa kiwanda. Kazi ya hapa pia inahesabiwa."

"Na elfu kumi?"

Aron akaendelea kujipangusa mikono.

"Nimekuuliza, Aron!"

"Niliisema siku moja tu. Halafu ukafurahi. Nikashindwa kuirudisha."

"Nimekuandika kwa utafiti wangu! Nimemwambia Tata, baba yangu mzazi, nimepata mkimbiaji, ameambia kanisa mzima! Ulikuwa unaniambia lini, tukishapata watoto?"

"Ningesema mimi ni fundi, ungenishika mkono? Hata marafiki wangu wananicheka, wanasema degree ya kujichagulia ni kama buffet, unapakua unachotaka."

"Hukunipa nafasi ya kukuchagua," Mongina akasema, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Usinipigie simu tena. Usinitafute."

Akaondoka. Aron alimwita jina lake, akajaribu kumfuata, akasimama baada ya hatua chache huku ameshika geti. Mongina hakugeuka, kwa hiyo hakuona.

Jumatatu alienda ofisini kwa mhadhiri wake, Madam Phelis, macho yamevimba. Madam alikuwa mama mnene mcheshi aliyezoea wanafunzi kulia mbele yake, akamwekea chai kabla ya kumwuliza neno.

"Nataka kumtoa mtu mmoja kwa utafiti, Madam. Yule wa arobaini."

"Umtoe? Si huyo ndiye bora wako wote!"

"Si mkimbiaji. Alinidanganya. Ni fundi wa kiwanda, hajakimbia tangu akiwa mtoto."

Madam Phelis aliweka kikombe chini. Ucheshi wote ulimtoka usoni mara moja, na Mongina akaogopa kabla hata ya kujua anaogopa nini.

"Ngoja. Hafanyi mazoezi yoyote?"

"Hapana."

"Sasa Mongina, kama hakimbii, huo moyo unapiga arobaini kwa sababu gani?"

Mongina akakumbuka. Ua wa michongoma. Jasho. Mkono uliokuwa baridi kila alipoushika. Alikuwa amefundishwa ishara hizo zote darasani, akazijibu kwenye mtihani, na zilipomjia usoni alizichukulia kuwa mahaba. Alikuwa amemwona Mkipsigis mwembamba, mtu wa kabila lenye sifa ya mbio, akajijibu mwenyewe yote yaliyobaki.

Akachukua simu. Alikosea kubonyeza, akarudia.

"Mongina?" Sauti ya Aron ilijaa furaha, nyuma yake mashine zikinguruma. "Nilijua utapiga! Sweetheart, naomba unisikilize..."

"Uko wapi?"

"Niko juu ya ngazi, natengeneza feni. Lakini nikusikilize tu, sema..."

"Shuka!"

"Nini?"

"Aron, shuka kwa hiyo ngazi sasa hivi! Shuka ukae chini! Moyo yako ni mgonjwa!"

"Wewe ndiyo umeivunja," akasema kwa utani, lakini Mongina alisikia chuma kikilia, alikuwa anashuka. "Sawa, mama, nashuka. Nashuka. Lakini kwanza niambie kama..."

Hakumaliza. Kulikuwa na kishindo, halafu mlio wa simu ikigonga sakafu. Mashine ziliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mbali sauti ya mwanamume ikaita, "Aron! Aron! Zima mashine! Zimeni!"

Mongina alipiga yowe lililowatoa watu maofisini.

Madam Phelis aliendesha gari lake kama mtu aliyeiba. Walipofika hospitali ya misheni, ambako kiwanda kilisema amepelekwa, walimkuta Kiptum, fundi mwenzake Aron, amekaa kwenye benchi ameshika viatu vya kijani mapajani. Mongina alipoviona bila mwenyewe, alidhani amempoteza.

"Yuko hai," Kiptum akasema haraka. "Alikuwa amefika ngazi za chini. Angeanguka kutoka kule juu, angeangukia mota. Daktari anasema umeme wa moyo haupiti vizuri, amezaliwa na ugonjwa huo. Wanamwekea pacemaker, kifaa cha kuongoza mapigo."

Mongina alikaa kando yake akalia bila kujificha. Alilia kwa hofu, akalia kwa aibu. Alikuwa ameushangilia ugonjwa.

Baada ya upasuaji alimkuta Aron amelala chali, bandeji kifuani, midomo imerudia rangi yake. Alivuta kiti.

"Nisamehe," Aron akaanza. "Mimi nilikudanganya."

"Na mimi niliangalia miguu yako, nikaacha kukuangalia wewe. Ningekuuliza maswali kama mgonjwa yeyote, ningejua siku ya kwanza."

"Bado unanipenda?"

Mongina hakukimbilia kujibu. "Sijui, Aron. Yule wa elfu kumi nilimpenda sana. Wewe sikujui vizuri. Niambie unafanya nini huko kiwandani. Kila kitu."

Basi Aron akamwambia. Alieleza jinsi majani mabichi yanavyotandazwa, jinsi feni moja ikizubaa shehena nzima inavyochacha, na jinsi alivyojipangia masomo yake ili siku moja abuni feni isiyokula umeme mwingi. Macho yake yaling'aa. Mongina alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali, na alishangaa kuona kwamba hajachoka.

"Nioe... yaani, nikuoe," Aron akasema ghafla, akajikanyaga. "Nikipona. Ukikubali."

Mongina alitoa simu. Akampigia baba yake, akaiweka kwa spika.

"Tata, yule mkimbiaji nilikuambia? Tumeachana. Hakuna kitu kama hicho."

Aron akafumba macho. Chozi likateremka kuelekea sikioni.

"Mungu wangu!" Mzee Mochama akafoka. "Nimeambia watu wote! Amekukosea nini?"

"Alikuwa muongo. Lakini nimepata mwingine. Anaitwa Aron, ni fundi wa kiwanda cha chai. Anataka kunioa."

"Mwingine? Leo? Mongina, wewe ni mzima? Huyo umemjua lini?"

Mongina alimtazama Aron aliyekuwa amefumbua macho, kinywa wazi, haamini masikio yake.

"Leo, Tata," akasema. "Nimemjua leo."