Uzi Kidoleni

Kila siku akitoka shule, Chiriku alinawa mikono na kumpokea mdogo wake mchanga, ili mama yao, fundi cherehani, amalizie nguo za wateja. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo: akianza kusema, hata mgeni husahau alichojia. Lakini tangu mtoto azaliwe, mdomo ulikuwa umepoa.

Sababu ilikuwa mkono wa kulia wa mtoto. Kidole cha kati na cha pete vilishikana kwa ngozi hadi katikati. Wazazi hawakuona kioja; walisema daktari angevitenganisha mtoto akikua kidogo. Chiriku ndiye aliyekuwa na lake moyoni. Mama alipokuwa mjamzito, yeye alimrushia jiwe bata wa jirani, akamvunja mguu, kisha akajitia hajui. Na Kibonge, rafiki yake wa darasani, alipoviona vidole vile alisema bila kupepesa macho, "Mguu wa bata huo. Kuna mtu hapa kamkosea bata."

Kibonge alikuwa akitania tu, lakini mwenye hatia hajui utani. Chiriku aliingiwa na hofu.

Ndipo akakumbuka chunjua ya binamu yake, iliyofungwa uzi ikakauka na kudondoka yenyewe. Akajiambia, nyama ni nyama; hata ngozi ile ingekauka na vidole vikaachana. Alasiri moja mama akiwa ameinamia cherehani, alikata uzi, akauzungusha kwenye kidole cha pete cha mtoto, akausukuma chini hadi ngozi ilipoanzia, akaukaza. Juu yake akavisha glovu ya kitambaa aliyoshona mama ili mtoto asijikwaruze uso.

Haukupita muda mtoto akaanza kulia. Mama akamnyakua, akampa ziwa, mtoto akalikataa.

"Chiriku, huyu hakuanguka?"

"Hajaanguka, mama."

Hakusema uongo, lakini ukweli nao hakuusema. Alitaka sana kuufungua uzi, ila mama hakumwachia tena mtoto. Alimfunga mgongoni, wakashika njia ya zahanati karibu wakikimbia, na kila kilio kilimchoma Chiriku kifuani.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimbonyeza mtoto tumbo, akatazama masikio na koo. "Homa hana," alisema. "Itabidi tumlaze tumchunguze."

Chiriku hakuyaondoa macho kwenye ile glovu. Aliona kama ikivuliwa, kidole kitadondokea sakafuni kama ile chunjua.

"Ni mkono," alisema. "Ni mimi. Nimemfunga uzi."

Daktari hakuuliza kwa nini. Alivuta glovu. Kidole kilikuwa kimevimba, zambarau kama biringanya, na uzi umezama hauonekani. Muuguzi alileta mkasi mdogo; mama akakishika kichwa cha mtoto bila kumtazama mtu yeyote. Uzi ukakatwa.

"Kitakatika?" Chiriku aliuliza. Wote walikikodolea macho kile kidole. Polepole wekundu ukaanza kurudi kwenye ncha, kisha ukaenea kidole kizima. Daktari akashusha pumzi. "Kimepona. Tungechelewa hadi kesho, ningesema mengine."

Chiriku akaangua kilio, na habari ya bata ikamtoka yote.

"Sikiliza, binti," daktari alisema. "Sote tukiwa tumboni, vidole huanza vimeshikana. Halafu seli zilizo kati ya vidole hupokea agizo la kufa, zinajifia kwa utaratibu, na vidole vinaachana. Agizo hilo linaongozwa na jeni, yale maelekezo tunayorithi. Ni jeni za kale mno. Minyoo wana jeni zinazofanana nazo, na kuku, na sisi, maana tulizirithi kwa viumbe walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Miguuni kwa bata, jeni nyingine hulizuia agizo. Mababu wa bata waliobaki na utando huo kati ya vidole waliogelea vizuri, wakazaa zaidi, vizazi na vizazi. Kwa mdogo wako, seli chache tu hazikufa."

"Kwa hiyo si jiwe langu?"

"Jiwe lako lilivunja mguu wa bata, na hilo utalijibu kwa mwenye bata. Mkono wa mtoto halikuugusa. Uzi ndio uliougusa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiogopa jambo, muulize mtu mzima kabla hujaligusa."

Nje ya zahanati mama alisimama. Chiriku alijikunyata akisubiri kofi.

"Uliponyamaza ulikiponza kidole cha ndugu yako," mama alisema. "Uliposema ulikiokoa. Yote mawili nimeyaona."

Akamfungua mtoto mgongoni. "Haya, mpakate twende nyumbani."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Chiriku akanyoosha mikono, akampokea mdogo wake.