Gramu Mia Tano na Arobaini

Jumamosi Kitengela hakuna anayesimama sokoni. Ukisimama unasukumwa na mkokoteni. Lakini Lemein alikuwa amesimama katikati ya njia, baiskeli imemwegemea kiunoni, akipima mfuko wa kulalia kwenye mzani wa mama wa omena. Alikuwa fundi baiskeli wa miaka ishirini na minane, mrefu, kaptula nyeusi, shati limefifia mabegani kwa jua. Wachira, muuza mitumba, alikuwa anaapa kwamba mfuko ule umetoka Ulaya na haujawahi kuona tone la mvua.

"Hii ni bivi original," Wachira akasema. "Hema la mtu mmoja bila nguzo. Unaingia kama mguu kwa soksi, unavuta zipu, mvua inyeshe mpaka ichoke."

"Mia nne na ishirini," Lemein akasoma mzani. "Si mbaya."

"Na itakulowesha kuliko hiyo mvua," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa mwanamke wa gauni la rangi ya haradali, futi ya fundi shingoni kama mkufu, nywele amezifunga kwa kitambaa kilichobaki kazini. Jina lake Nthenya. Alikuwa amekuja kununua zipu tu, lakini kitambaa kibaya humuuma kama jino bovu. Aliomba kikombe cha chai ya moto cha mama wa omena, akakifunika kwa kona ya ule mfuko, akaweka juu yake kioo ambacho wateja wa Wachira hujitazamia. Wakangoja wote wanne. Kioo hakikupata hata ukungu.

"Mvuke hautoki," akamwambia Lemein. "Sasa pumzi yako na jasho lako zitaenda wapi? Zitakurudia. Utaamka umelowa chapa chapa na mvua iko Machakos."

"Kwani wewe ni mwalimu wa sayansi?"

"Mimi ni fundi. Nimeshona makoti ya mvua miaka sita."

Wachira akamwomba, kwa heshima zote, aende akaharibie mtu mwingine biashara. Lemein akarudisha mfuko na kuomba namba ya simu. Nthenya akasema anatoa namba kwa watu wa kazi tu.

"Hata mimi ni wa kazi. Nitakutengenezea baiskeli bure."

"Sina baiskeli."

"Basi tuanzie hapo."

Hiyo miaka sita Nthenya aliishona katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, makoti ya kuvaliwa na watu wa nje, huku yeye akirudi nyumbani kwenye mvua na gunia kichwani. Siku waliyodai masaa yao ya ziada walikuta geti limefungwa, wanawake sabini, wengine na watoto mgongoni. Hakuna gazeti lililoandika hata mstari. Basi na uandikwe hapa. Nthenya alitoka pale na vitu viwili: kifua kibovu, na ujuzi wa kutambua kwa ncha za vidole kitambaa kinachopumua na kisichopumua. Alikodi kibanda nyuma ya soko, akaweka cherehani.

Lemein naye hakuwa anatafuta mfuko wa starehe. Watu wake wamekuwa wakihamishwa kwa karatasi tangu mwaka wa 1904. Walitolewa Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, wakaandikiwa kwamba huko ni kwao maadamu ukoo wao uko duniani. Huo umilele ulidumu miaka saba. 1911 wakatolewa na huko pia. Siku hizi hata bunduki hazihitajiki. Ranchi ya jamii inagawanywa, ploti zinauzwa, mzee anaweka kidole gumba mahali asipoweza kusoma, na ng'ombe akifika kwenye maji aliyonyweshwa mama yake anakuta waya. Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa Kajiado: anayedai kwamba kuna njia ya zamani ya mifugo kutoka hapo kuelekea Magadi alete ushahidi ndani ya siku ishirini na moja. Ushahidi wa maneno haukutakiwa. Walitaka picha, na alama za mahali hasa.

Lemein aliamua kuipita njia ya babu yake kwa baiskeli, siku nne, akipiga picha kila kisima na kila dimbwi. Pikipiki husimamishwa kwenye mageti. Baiskeli unaibeba begani, unaruka waya nayo. Lakini kule ni jua na chumvi, maji unabeba mwenyewe, kwa hivyo kila gramu ya malazi ni gramu ya maji iliyoachwa nyumbani. Hema lilikuwa nje ya hesabu. Ndiyo maana alikuwa na wazimu wa mizani.

Alimpigia Nthenya siku ileile, akisema ni kuhusu zipu. Kesho yake akapiga kuhusu chandarua cha usoni. Siku ya tatu hakuwa na kisingizio na Nthenya hakumuuliza. Walikuwa wakiongea Nthenya akishona, simu imebanwa begani, cherehani ikikata maneno katikati, na ikinyamaza majirani walijua kuna kitu kimesemwa. Lemein alimwita fundi wangu. Nthenya alimwita Bwana Gramu.

Siku moja kibandani Nthenya, aliyekubali kumshonea mfuko, akampima mabega kwa futi, na hakuharakisha.

"Mtu wa kulala peke yake anataka upana huu," Nthenya akasema.

"Na wa kulala na mwenzake?"

"Huyo ajenge nyumba."

Lemein akageuka, wakawa uso kwa uso. "Kwetu nyumba hajengi mwanamume. Mwanamke ndiye hujenga."

"Najua," akasema. Alikuwa ameshaambiwa na Kakenya, dada yake Lemein, aliyekuja kushonewa sketi: kule kwao mwanamke hukata fito, hukandika, na nyumba huitwa yake. Nthenya hakumwambia Lemein kwamba tangu siku hiyo alikuwa hashoni mfuko, anashona nyumba.

Alitumia vipande vya makoti yaliyokataliwa, vile vinavyouzwa kwa kilo nje ya geti la kiwanda. Chini aliweka kitambaa kisichopitisha maji, juu kinachopumua, na mishono yote akaiziba kwa utepe wa kubandikwa kwa moto. Kile cha juu kilikuwa cha rangi ya machungwa, kali, ya kuonekana kilima kwa kilima. Lemein alikuwa ameomba rangi ya vumbi, kwa sababu walinzi wa mashamba mapya hufukuza mtu kama fisi.

"Usionekane na walinzi, sawa," Nthenya akamwambia. "Lakini ukipatwa na kitu huko, nani atakuona?"

Asubuhi ya safari akampa mfuko. Mzani wa mama wa omena ulisema gramu mia tano na arobaini. Lemein aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. Hakuufungua. Hakuingia kuujaribu. Alisema asante kwa sauti ya chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akaufunga nyuma ya baiskeli na kuondoka kabla jua halijapanda.

Nthenya alibaki mlangoni akijiambia anaona haya tu.

Kesho yake saa moja asubuhi picha iliingia kwenye simu yake. Baiskeli imeegemezwa mti wa mgunga, nje ya Kajiado, na kando yake bivi imetandazwa. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu, nyembamba, mpya, ya dukani Nairobi.

Akapiga simu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya dukani. Gramu mia tatu na kumi, fundi wangu. Nimeongeza chupa ya maji."

"Na yangu?"

"Yako nimeiacha nyumbani kwa mama yangu."

"Umeiacha."

"Nthenya, si kwa simu. Nikirudi nitakueleza vizuri, utacheka."

"Umeipima kwa kikombe cha chai?"

Akakiri hakuipima. Ni siku tatu tu, akasema, hata ikilowa atavumilia. Nthenya hakupiga kelele. Alimwambia kwamba hata kiwandani, wakikataa kazi yake, walimwambia kasoro iko wapi. Akazima simu, akaitia ndani ya droo ya cherehani, na kwa siku mbili akashona sare za shule bila kuongea na mtu.

Siku hizo mbili Lemein alipiga kila mahali palipokuwa na mtandao. Kutoka kilimani karibu na Mile 46 alipiga mara tisa. Alikuwa ameshapata visima kumi na moja, na alitaka kumwambia, na alitaka pia kumwambia lile lingine, sasa hivi, kwa simu, haidhuru. Hakuna aliyejibu.

Mvua ilinyesha. Bivi haikuvuja hata tone. Lakini kila pumzi aliyotoa iligeuka maji ndani, na kulipopambazuka alikuwa amelowa mpaka mifupani, vidole vimekufa ganzi, akajikunja na kufunga zipu mpaka juu akingoja jua limpashe moto. Saa moja na nusu lori la nguzo za ua lilifika. Barabara ilikuwa matope. Dereva akakata kona kupitia nyasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto, na baadaye aliandikisha maneno matatu ambayo hakuna anayeweza kuyapinga: niliona nyasi tu.

Gurudumu lilimpita Lemein kiunoni, na simu yenye picha za visima ikasagika chini yake. Siku ya ishirini na moja ilifika Lemein akiwa amelala hospitalini bila hisia kuanzia kiunoni. Wazee walikwenda na maneno, wakaambiwa maneno hayatoshi. Njia ikafungwa. Nguzo zilizopandwa ni zilezile za lori lile.

Nthenya alipata habari kwa Kakenya, siku ya tatu, alipofungua droo. Alikwenda hospitalini mara nne. Mara zote nne mgonjwa alikataa kumwona.

Mwezi wa Juni, baada ya kusikia amerudishwa nyumbani, alifunga kibanda, akavaa lile gauni la haradali, akaenda Kajiado na mkoba wake wa kazi. Boma la kina Lemein liko kando ya barabara, nyumba ya mabati, na mama yake alikuwa nje akipepeta maharagwe.

"Takwenya," Mama Kakenya akamsalimu.

"Iko," Nthenya akajibu, akainamisha kichwa kiguswe kama alivyofundishwa.

Mama hakuuliza yeye ni nani. Alimwingiza ndani. Lemein alikuwa kitandani, uso umekonda, shuka jekundu limevutwa mpaka kifuani. Ukutani juu yake palining'inia mfuko wa rangi ya machungwa, umekunjwa kama nguo ya kanisani, na chini yake mablanketi mawili mapya na debe la asali lililofungwa.

"Alinipa siku ile alipopita," mama akasema. "Akaniambia, hii ni nyumba ya mke wangu. Mtu asilale ndani mpaka asali na mablanketi yafike Ukambani kwa wazazi wake. Nikamwambia hata wewe usilale. Mwanamume halali nyumba ya mwanamke ambaye kwao hakujaenda mtu kumposa. Mimi ndiye nilimwambia. Alikuwa na ile ya dukani tayari kwa mkoba, alinunua akingoja yako iishe. Bila neno langu angeiacha hiyo, akachukua yako." Akatoka nje. Wakasikia ungo ukianza tena.

Nthenya alisimama. Simu aliyoizima ilikuwa bado mkobani mwake, na alihisi uzito wake wote.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilitaka nikwambie mbele ya baba yako. Nikiwa nimesimama." Lemein aliangalia dari. "Ungeshika simu."

"Ningeshika."

 Hakuna aliyekuwa na neno la kumsamehe mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamlaumu mwenzake zaidi ya alivyojilaumu.

"Chukua kitu chako, Nthenya. Asali nitampa Kakenya. Mimi sioi tena."

Alipanda kwenye kiti, akatungua mfuko, akaketi chini mlangoni penye mwanga. Akatoa wembe, akaanza kufumua mshono wa ubavuni, uzi kwa uzi. Mama Kakenya aliona kutoka nje, akaacha ungo, akashika mdomo. Mwanamke akibomoa nyumba yake ameondoka, hilo halina tafsiri mbili.

"Vizuri," Lemein akasema, akafumba macho. "Ni afadhali."

"Afadhali nini? Naweka zipu." Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nimekatia mtu anayeingia kwa miguu. Sasa inabidi ifunguke ubavu mzima, uingizwe kwa upande. Hapa ndani unanuka dawa. Utalala nje, kwa hewa."

"Nimesema sioi."

"Sijakuuliza."

Hapo Lemein alilia, mara ya kwanza tangu lori, bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa sababu hakuweza kujigeuza. Nthenya alimwacha alie. Alishona kwa mkono mpaka vidole vikavimba, na ilipofika saa kumi zipu ilikuwa imekaa.

"Sasa inafika ngapi?" Lemein akauliza.

"Mia sita na kitu."

"Nzito."

"Kwani unaenda wapi?"

Swali lilimtoka Nthenya kabla hajalizuia. Likabaki katikati yao, kubwa, na yeye akaganda na sindano mkononi. Lemein aligeuza uso mlangoni. Ng'ambo ya barabara nguzo mpya zilikuwa zimepanda kilima na kushuka upande wa pili, waya juu ya waya, mpaka macho yalipoishia.

"Hakuna popote," akasema. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, ainuliwe.