Daraja Lililochapishwa Mara Nne

Asubuhi hiyo ukumbi wa halmashauri ulijaa watu hadi kwenye ngazi. Orodha za wapiga kura zilikuwa zimebandikwa ukutani, mtaa kwa mtaa, na watu walizisoma kwa kidole, wakisukumana, wakiombana radhi, kisha wakisukumana tena. Katikati ya msongamano huo alipita mwanamume mrefu, aproni yake ya buluu imelowa wino, bunda la fomu begani. Hakukiona kiti kilichokuwa mbele yake, wala mwanamke aliyesimama juu ya kiti hicho ili asome majina ya juu. Goti lake likagonga kiti, kiti kikayumba, na mwanamke akashika kitu cha kwanza alichokipata. Kilikuwa sikio la mbeba bunda.

"Aa! Dada, hilo sikio lina mwenyewe!"

"Na mguu uliotaka kuuvunja una mwenyewe," alijibu mwanamke, bila kuliachia. "Umekuja kuhakiki jina au kuangusha watu?"

"Nimeleta fomu. Majina nawaachia wenye imani."

Mwanamke akashuka. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi kwa uangalifu, viatu vya chini, na kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele kama pini. Alimuuliza jina lake, akapitisha kidole ukutani, akasimama.

"Upo. Wa mia mbili na kumi na nne."

"Mama yangu ndiye aliyenikokota nikaandikishwa. Kupiga kura, sijawahi."

"Kwa nini?"

"Mimi ni fundi wa kiwanda cha uchapaji, kile cha nyuma ya stendi. Chaguzi tatu zilizopita, wagombea watatu waliniletea ahadi ya daraja la mtaa wa chini. Bamba la kuchapia ni lile lile, nilikuwa nabadilisha picha ya mgombea tu. Kulichapisha nimelichapisha, dada yangu. Kulivuka, bado."

Alitarajia kicheko. Badala yake mwanamke alifungua daftari nene lenye jalada jeusi. Alikuwa mratibu wa kampeni ya mkunga mstaafu aliyegombea udiwani wa kata hiyo, na daftari hilo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa kampeni yao. Safu ya kushoto iliandikwa maswali ya wananchi, kila moja na namba yake. Safu ya kulia iliandikwa neno moja kati ya matatu: Tunaweza, Hatuwezi, au Tutauliza. Kila mkutano ulianza kwa masahihisho, yaani jambo lolote lililosemwa vibaya katika mkutano uliotangulia. Baada ya hapo majibu yalisomwa, na hotuba ikaja mwisho.

Fundi alichungulia swali la daraja. Kulia pameandikwa: Tutauliza.

"Yaani mnaomba kura kwa kuuliza?"

"Daraja ni kazi ya idara ya barabara. Diwani anaweza kuandika barua, akabandika majibu hapa ukutani kila mtu ayasome. Hatusemi zaidi ya hapo."

"Basi niandikie na langu. Mratibu atakunywa chai na fundi lini?"

Watu waliokuwa karibu wakaguna kwa furaha. Mratibu aliichomoa kalamu kichwani, akaandika swali la tisini na saba bila kuinua macho. Safu ya kulia akaandika: Tutauliza.

Siku ya pili fundi alipiga simu.

"Swali langu limefika wapi, Mratibu?"

"Liko kwenye kamati."

"Kamati ina wajumbe wangapi?"

"Mmoja. Na kichwa chake kigumu."

"Mwambie mjumbe huyo kwamba birika liko jikoni tangu asubuhi, na mpiga kura anakonda."

"Wewe si mpiga kura. Wewe ni jina ukutani."

Alisema hivyo akicheka, lakini maneno yale yalimkaa fundi moyoni. Jioni iliyofuata mratibu alikuja kiwandani. Walikunywa chai kati ya marundo ya karatasi, mtambo ukinguruma nyuma yao, na alipoondoka alikuwa na alama ya dole gumba la wino kwenye kiwiko cha gauni lake la kijani. Hakuitoa kwa wiki nzima. Wakaanza kuitana mpenzi, kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukaisha na jina likabaki.

Fundi naye akaanza kuhudhuria mikutano, akisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Alimwona Mama Mkunga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiuambia uwanja uliojaa watu: "Swali la arubaini na mbili, hatuwezi." Watu waliguna. Kisha, badala ya kuondoka, waliuliza jingine. Fundi aliliona hilo, akaogopa. Kwa miaka ishirini alikuwa hana anachokitarajia, na kuishi hivyo kulikuwa kwepesi.

Zilipobaki siku nne, sauti ya mratibu kwenye simu ilikuwa imekauka.

"Mpinzani wetu ameahidi daraja mtaa wa chini. Watu wanaimba. Tukiupoteza mtaa ule, tumekwisha."

"Na nyinyi ahidini."

"Tukiahidi, miezi hii yote tulikuwa tunafanya nini? Nichapie kile kipeperushi cha mwisho, mpenzi. Nakala elfu mbili, kama kilivyo. Vijana wangu watakuja kuzichukua alfajiri."

Fundi alikipanga kipeperushi. Picha ya Mama Mkunga, majibu kumi ya daftari, na chini yake nafasi tupu, upana wa vidole vitatu. Aliitazama nafasi ile kama mtu anavyotazama shati lililokosa kifungo. Tangu aanze kazi hakuwahi kutoa karatasi ya mgombea yenye uwazi pale chini. Pale ndipo ahadi ilipokaa siku zote. Aliinua macho kwenye rafu. Bamba la zamani lilikuwepo, limekaa kama linalosubiri kuitwa. Akawaza sauti ile iliyokauka, akalishusha, akalifuta vumbi kwa aproni. Mazoea na mapenzi vilisaidiana kazi ile. Chini ya picha ya mkunga kukatokea, kwa herufi nene: DARAJA LA MTAA WA CHINI NDANI YA MWAKA MMOJA.

Aliyeleta habari ofisini kwa kampeni, saa nne asubuhi, alikuwa mama mzazi wa fundi. Aliingia na kitambaa cha sherehe kichwani na kipeperushi kimekunjwa mkobani.

"Wako wapi? Nimekuja kuwashukuru. Binti yangu, Mungu akupe maisha! Miaka kumi na tisa navuka mtaro ule juu ya ubao. Sasa nimeambiwa, na safari hii nimeambiwa na watu wa kweli."

Mratibu alikipokea, akasoma mara moja, akasoma tena. Akamkalisha yule mama kitini, akatoka nje uani na simu.

"Nani kakuambia uweke daraja?"

"Umeliona?" Sauti ya fundi ilikuwa na furaha. "Nilitaka iwe..."

"Nani kakuambia? Unawachapia na wapinzani wetu. Wamekupa nini ili utuchafue siku tatu kabla ya kura?"

"Mpenzi, unasema nini? Mimi niuzwe? Nilifanya kwa ajili yako! Uliniambia mtaa wa chini ukipotea mmekwisha."

"Usinitwike mimi uongo wako. Mama yako yuko ndani hapa, amejifunga kitambaa cha sherehe. Nimwambie nini?"

Upande wa pili fundi aliuzima mtambo.

"Nisamehe," alisema. "Tuonane leo jioni, nikueleze."

"Hatuwezi," alisema mratibu, akakata simu.

Ndani ya ofisi hoja zilipingana. Mmoja alisema wanyamaze, siku tatu si nyingi. Mwingine alisema wakikanusha watakuwa wamejichimbia kaburi, kwa kuwa mtaa ule ulishaanza kuwageukia. Mama Mkunga aliwasikiliza wote, akavua miwani, akaifuta.

"Masahihisho yanakuja kwanza," alisema. "Ndivyo tulivyopanga, au tulipanga kwa siku za jua tu?"

Saa tisa alasiri uwanja wa shule ulifurika. Mama Mkunga alisimama mezani, na kwa sauti iliyozoea kuwaamuru watu walio katika uchungu, akasema: "Kipeperushi chetu cha leo kimesema uongo. Daraja siwezi kulijenga. Naweza kuliulizia, na jibu mtalisoma ukutani, liwe tamu au chungu. Leo tutapita nyumba kwa nyumba kukiomba kirudi."

Kelele zikalipuka. "Nyinyi ni wale wale!" "Tupeni daraja letu!" "Nani kaliandika?"

"Kimetoka kwenye kampeni yangu. Kosa ni langu."

"Si lake!"

Watu wakageuka. Fundi alikuwa akija kutoka nyuma, aproni mwilini, bamba kwapani. Mratibu, aliyesimama kando ya meza na daftari kifuani, alipiga hatua moja mbele. Fundi alipanda juu ya benchi na kuliinua bamba ili wote walione.

"Daraja lenu hili hapa. Nimewapa mara nne. Mara tatu nilitumwa. Mara hii hakuna aliyenituma, si kampeni hii wala ile nyingine. Niliona karatasi iliyosema kweli tupu, nikaogopa kwamba kweli haitoshi." Akageuka kumtazama mratibu. "Nimewadharau ninyi, na nimemwaibisha mtu ninayempenda."

Akaliweka bamba gotini, akalikunja mara mbili. Mlio wake ulisikika hadi ukutani kwa shule.

Fundi aliposhuka, mratibu hakumfuata. Vipeperushi vilikusanywa hadi jua linazama, yeye upande wa kushoto wa mtaa, fundi upande wa kulia, kila mmoja akibisha mlango wake na kurudia sentensi ile ile: tumekosea, tunaomba kirudi. Baadhi ya milango ilifungwa kwa kishindo. Kwenye baadhi walikaribishwa maji. Katika nyumba ya mwisho, ng'ambo ya mtaro, walijikuta wamesimama pamoja mlangoni kwa mama mzazi wa fundi.

"Changu sikitoi," alisema mama. Kitambaa cha sherehe alishakivua. "Nitamwonyesha atakayekuja na daraja la tano."

"Mama, tunakuomba radhi," alisema mratibu.

"Nimeisikia. Na kura yangu mnayo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyerudi mlangoni kwangu kuniambia amekosea, hata marehemu baba yake huyu." Akamtazama mwanawe, kisha mratibu, kisha ile nafasi waliyoiacha kati yao. "Ninyi wawili vipi, mmenuniana? Haya, nendeni. Ubao unateleza, mshikane mikono."

Walishikana mikono juu ya ubao. Ng'ambo, mratibu aliuondoa wake.

Siku ya kura, foleni ya mtaa wa chini iliizunguka shule. Wazee walisema hawajaona foleni kama ile mtaani kwao. Fundi alisimama ndani yake kwa saa tatu, shati jeupe limepigwa pasi. Alipotoka alikitazama kidole chake: kwa mara ya kwanza kilikuwa na wino usiotoka kiwandani kwake. Mratibu alimwona kutoka langoni, akataka kumwita, akakumbuka alivyomwambia "wamekupa nini", na aibu ikamgeuza uso.

Asubuhi matokeo yalibandikwa. Mama Mkunga alishindwa kwa kura arubaini na moja. Saa hiyo hiyo, mbele ya watu, alimfuata mshindi, akampa mkono na daftari.

"Mimi nimeshindwa," alisema. "Maswali haya mia nne na kumi na mbili hayajashindwa. Wenyewe watakuja kuyafuatilia."

Mshindi aliwatazama watu, akalipokea kwa mikono miwili.

Wiki tatu zilipita bila simu. Fundi alihesabu zile arubaini na moja kama dhambi zake. Mratibu aliandika ujumbe mara kumi, akaufuta mara kumi.

Kisha, Jumatatu moja, ukumbi wa halmashauri ukajaa tena. Watu wa mtaa wa chini walipanga foleni na namba za maswali yao kwenye vikaratasi, na diwani mpya hakuwa na njia ila kujibu. Mahali zilipokuwa orodha za wapiga kura palibandikwa barua ya idara ya barabara: wapimaji watafika mtaroni tarehe kumi na tano; kuhusu ujenzi, jibu litatolewa baada ya vipimo. Mratibu, katika gauni lake la kijani, alikuwa akiisoma aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, leo sikio langu liko mbali. Usianguke."

Alimaliza mstari wa mwisho wa barua, kisha akageuka.

"Nina masahihisho," alisema, akimkabili. "Nilikuambia umenunuliwa. Si kweli, na nilijua si kweli ulipokuwa juu ya lile benchi. Nilipaswa kusema siku ile ile."

"Kura arubaini na moja, Mratibu. Nimewakosesha."

"Hakuna ajuaye. Mtaa wa chini walitupigia kura sisi. Kwingine ndiko tulikoshindwa." Akatabasamu kidogo. "Wewe unatafuta nini kwenye foleni?"

"Nafuatilia swali la tisini na saba, lile la chai. Limejibiwa nusu. Na nina jingine."

Akatoa kipeperushi kifuani. Kilikuwa nakala moja tu. Juu kiliandikwa kwa herufi nene: OMBI LA NDOA. Chini yake: Siahidi kutokosea. Siahidi nyumba kubwa. Nina vyumba viwili juu ya kiwanda, na mtambo unaonguruma. Nikikosea, nitarudi mlangoni na kusema. Chini kabisa aliacha nafasi tupu, upana wa vidole vitatu.

Mratibu alikisoma kama alivyosoma kila karatasi, polepole.

"Mama yako amekiona?"

"Yeye ndiye aliyefuta ahadi mbili."

"Jamani, mjibu basi!" alipaza sauti mzee mmoja nyuma yao. "Foleni imesimama!"

Mratibu aliichomoa kalamu nyekundu kichwani. Aliibana karatasi ukutani, pembeni ya ile barua, na katika nafasi aliyoachiwa akaandika: Tunaweza.