Betri ya Tingatinga

Kila akitoka shule, Mbinya alimpa mdogo wake Nzivo chai, kisha akaketi sakafuni na tingatinga lake. Alikuwa ameliunda kwa debe la mafuta ya kupikia na mota za printa iliyoharibika. Lilitii rimoti, ila lilikengeuka kushoto, naye akalirekebisha wiki nzima mpaka likanyooka. Kasoro moja ilibaki: likisukuma mchanga, lilizimika. Betri ilikuwa imechoka, na maonyesho ya shule yalikuwa Ijumaa.

Nzivo alikuwa na pumu. Mashine yake ya kuvuta dawa ilikuwa na betri ya akiba, maana mtaani kwao Kware stima hupotea ovyo. Betri hiyo na ile ya tingatinga zililingana kabisa. Jumanne Mbinya akazibadilisha. Mashine ilikuwa imechomekwa ukutani, hivyo taa yake ya kijani ikawaka kama kawaida, naye akajiambia ni siku tatu tu. Msichana mwerevu yule, tamaa ilimpumbaza.

Alhamisi saa kumi stima zikapotea. Nzivo akakohoa, kisha akaanza kuhema. Mama akawasha mashine. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Tingatinga lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, likiwa na betri nzima. Mbinya aliliona. Akaogopa kusema.

Mama akambeba Nzivo, akashuka orofa sita mbio. Hospitalini mtoto alitiwa oksijeni na kulazwa. Usiku kucha hawakujua kama angepona.

Asubuhi, mama akiwa na Mbinya alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Ondiek, mwenye kibanda chini ya jengo lao, aliyemuuzia betri ile ya akiba.

"Uliniuzia takataka, Ondiek! Mtoto wangu karibu afe!"

"Mama Mbinya, niliipima mwenyewe," fundi akajitetea. Majirani walikwisha kukusanyika. Mmoja akataka kibanda kivunjwe.

Mbinya akasimama mbele ya kibanda. "Mama, ni mimi. Betri nzuri iko kwa tingatinga."

Mama akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso. Hakumpiga. Afadhali angempiga.

"Kalete tingatinga na mashine," Ondiek akasema. Mbinya akaing'oa betri kwa mikono yake, akairudisha kwenye mashine. Maonyesho yalifanyika bila yeye.

"Mikono yako ni ya fundi," Ondiek akamwambia. "Kuchukua betri lilikuwa kosa. Lakini ulinyamaza mtoto akihema, na hapo ndipo ulipomuumiza. Siku nyingine ukikosea, sema papo hapo, wakati bado tunaweza kutengeneza."

Nzivo alirudi nyumbani Jumatatu, amekonda. Tangu siku hiyo, Mbinya akitoka shule huchomoa kwanza mashine ukutani, akasikiliza kama inanguruma kwa betri peke yake, ndipo amimine chai.